Bolti za Wafula

Mwende mwanangu,

Umetoka hapa saa kumi na nusu kwenda mjini, River Road, kumuaga Wafula. Ulisema hutakawia. Sasa ni saa moja kasoro na hujarudi, na mama yako ameniambia niache kuchungulia dirishani kama mlinzi wa majumba ya Lavington. Basi nimekaa mezani, nimesukuma kando sufuria ya maharagwe, nimechukua daftari lako la zamani lenye kurasa tupu nyuma, na nimeamua kukuandikia jambo ambalo nikijaribu kulisema kwa mdomo nitaishia kukuuliza kama umebeba sweta.

Sweta, dawa ya kifua, unga wa uji, na namna ya kumjibu mtu akikuuliza umetoka wapi, hayo yote mama yako ameshayasema mara tatu. Mimi nina jambo moja tu, na ni baya. Nitaanza na upande wake mdogo. Nina wivu. Namwonea wivu Wafula, mzee mwenye mguu mbovu anayeuza bolti na nati kwenye kibanda chenye upana wa mlango, na nimemwonea wivu tangu ukiwa na meno ya utoto. Kuna leso ya mama yako imeandikwa "Mwenye wivu ajinyonge". Kila akijifunga hiyo leso nahisi amenilenga mimi, ingawa yeye hana habari.

Jumamosi, watu wa kanisa walipokuja kukuombea, mchungaji alikuuliza ungependa nani akuwekee mkono kichwani na kukupa neno la safari. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango na kreti ya soda. Nilikuwa nimejiandaa, Mwende. Nilikuwa nimevaa koti. Ukasema, "Anko Wafula." Akainuka polepole na mkongojo wake, watu wote wakamngoja, akakuwekea mkono na kusema, "Mwende, ukifika huko, kaza, lakini usikaze sana." Watu wakacheka, wakasema amina. Mama yako akalia. Mimi nikaenda jikoni kutafuta kifungua chupa, na kifungua chupa kilikuwa mfukoni mwangu.

Kabla ya hapo kulikuwa na ile barua yako ya kuomba nafasi chuoni ng'ambo. Ulinituma nikaichapishe River Road kwa sababu printa ya hapa Kangemi ilikuwa inaruka mistari. Sikukusudia kuisoma. Lakini karatasi zilitoka moja moja, na macho hayana pazia. Kiingereza changu ni cha mjengoni, lakini nilielewa. Uliandika kwamba mtu wa kwanza kukufundisha jinsi chuma kinavyoshikana na chuma ni muuza bolti wa River Road. Alipata ukurasa mzima. Baba yako, ambaye karo yako yote ilitoka kwenye moshi wa welding yake, alipata nusu sentensi: "nilikulia katika karakana". Kana kwamba hiyo karakana ilijifungua yenyewe kila asubuhi. Nilikuletea karatasi zako zikiwa zimenyooka, nikakuambia umeandika vizuri, kisha kwa siku mbili nikawa natafuta makosa kwenye chai.

Nakumbuka ulivyokuwa ukitoka shule. Unaingia karakana, unatupa begi, na kabla hujanitazama unaenda moja kwa moja kwenye kile kiti cha mbao alichokalia Wafula, mwaka ule kabla hajapata kibanda.

"Anko, sasa?"

"Poa sana, injinia."

Alikuita injinia ukiwa darasa la pili. Baadaye ndipo ulipokuja kwangu, mimi nikiwa nimefunika uso na kinyago cha welding, ukanigusa mgongo kwa kidole ili usinishtue. Nilikuwa wa pili. Kila siku ya shule nilikuwa wa pili, na nilikuwa nahesabu.

Yeye alikuwa anakumwagia rundo la bolti na nati zilizochanganyika, kila moja uitafutie mwenzake. Alikufundisha kuzungusha nati kwa vidole, bila spana, hadi mwisho wa nyuzi. "Ikikwama, hiyo ni mbaya. Hiyo usiuzie mtu," alikuwa akisema. "Mimi niliuziwa mbaya. Unaona hii mguu?" Na wewe ulikuwa unautazama ule mguu, unarudi kwenye kazi yako, unazungusha nati kwa makini kama daktari. Mimi nilikuwa nasikia hayo yote kutoka nyuma ya kinyago. Kinyago kina faida zake.

Sasa nije kwa lile tulilogombania.

Unakijua kile kipande cha chuma kinachozuia mlango wa karakana usifungwe na upepo. Umekikalia tangu utotoni, umefanyia kazi za shule juu yake. Ni kichwa cha boriti, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, na mwisho wake kuna pleti yenye matundu manne ya bolti. Jumanne iliyopita ulikiinamia na tochi ya simu kama mtu aliyeangusha pete.

"Baba, hiki kilitoka wapi?"

"Ni skrapu tu."

"Hebu cheki hapa. Hii ilifaa ishikwe na bolti peke yake. Halafu kuna mtu amezungushia welding kwa hizi kingo. Na amechoma juu ya rangi. Ona, rangi iko hapa ndani, bado ni nyekundu." Ukacheka kidogo. "Huyu fundi alikuwa na haraka ama alikuwa na hasira?"

"Weka chini."

"Nataka kwenda nacho, Baba. Ama hata kipande tu. Hii ndiyo kitu nitakuwa nasomea."

"Nimesema weka chini. Unadhani kila chuma hapa ni chako?"

Ukaweka chini. Ukaondoka, na tangu siku hiyo tumekuwa tukisalimiana kama wapangaji. Mama yako alisema umemwambia kwamba nakuonea wivu masomo yako. Ni kweli, nakuonea. Lakini siku ile nilikuwa naona woga. Kitu hicho nimekiweka mlangoni miaka kumi na minane, watu wamekiruka wakiingia na kutoka, na wewe umekisoma kwa dakika tano kwa mwanga wa simu.

Fundi huyo ni mimi, Mwende. Na jibu la swali lako ni yote mawili.

Ulikuwa na miaka saba. Mimi na Wafula tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka mingi, yeye kutoka upande wa Bungoma, mimi Mkamba wa Machakos, tukitengeneza mageti ya Lavington na vyuma vya madirisha. Kisha tukapata kazi Kitisuru, nyumba iliyojengwa kwenye mteremko, na mwenyewe alitaka roshani kubwa ya chuma nyuma, ya kutazamia miti. Nguzo nne, boriti juu yake. Kazi ile ilikuwa na injinia wake, mama mmoja mwembamba mwenye buti kubwa kuliko zetu. Siku ya kwanza alitandika michoro juu ya boneti ya gari akatuuliza kama tumeelewa. Nikasema ndiyo, haraka, kabla hajamaliza. Wafula akainama juu ya karatasi, akakaa hapo, halafu akauliza, "Madam, hii pleti mbona nyembamba hivi?"

Yule mama alimtazama kama mtu aliyesikia lugha ya kwao ugenini. Akamweleza kwamba ameipunguza makusudi. Boriti ikizidiwa na mzigo, pleti ile ipinde kwanza, ifunguke upande wa juu, iachane kidogo na nguzo, bolti zikiwa bado zinashikilia. Boriti itainama, rangi itapasuka, watu wataona na watatoka. "Kiungo kinafaa kilalamike kabla ya kufa," alisema. Wafula akaitikia kwa kichwa taratibu. Mimi niliitikia pia, lakini moyoni nilikuwa nasema, huyu mama anatengeneza kitu kipinde, na watu wanamlipa.

Tangu siku ile, akishuka kwenye gari, neno lake la kwanza lilikuwa, "Wafula yuko wapi?" Jina kwenye kibao cha karakana lilikuwa langu. Mashine ya welding ilikuwa yangu. Na siku ya kugawa kazi akasema viungo vyote ni vya Wafula, Mutua, yaani mimi, atashughulikia ngazi na vyuma vyake vya kushikilia. Vyuma vya kushikilia, mwanangu. Niliitikia "sawa Madam", na lile neno nililimeza likiwa na mifupa.

Sharti ujue nilivyokuwa nafikiri. Mimi nilikuwa naamini bolti ni ya mtu asiyejua kuchomelea. Welding ilikuwa mwandiko wangu, ungeweza kulitambua geti langu barabarani kwa mstari wake. Nilikuwa naona Wafula akikaza bolti zake kwa spana, akiziwekea alama ya chaki moja moja, yule mama akimpigia picha kwa simu, na nilikuwa nakosa usingizi kwa ajili ya chaki.

Ijumaa moja Wafula alipungukiwa na bolti nane akaenda River Road kununua. Wenzetu walikuwa wameenda kula githeri nje ya geti. Nilipanda na mashine hadi kiungo cha pembe ya nyuma, upande wa jikoni, kilichokuwa tayari kimefungwa bolti zake nne, nikazungushia welding pleti yote, kingo zote nne, ikashikamana na nguzo kabisa. Sikukwangua rangi kwanza. Nilijua rangi ikikaa chini ya welding chuma hakishiki vizuri. Hata ule mwezi wa kwanza ninapomfundisha mtu kazi, hilo ndilo namwambia. Lakini grainda ina kelele, na mimi nilikuwa naiba. Kisha nikapitisha brashi ya rangi nyekundu juu yake, ikawa haionekani kutoka chini. Nilijiambia namsaidia. Nilijiambia siku moja pleti zake zitapinda na hii yangu itabaki imesimama, na hapo itajulikana nani alikuwa fundi. Nilitaka kiungo kimoja katika nyumba ile kiwe changu.

Baada ya wiki tatu hivi, asubuhi, lori lilileta mawe ya sakafu. Hakuna aliyekuwa ameyaitisha mapema hivyo. Dereva alikuwa na haraka, wapakuaji wakayapandisha yote juu ya roshani, wakayapanga katikati hadi kifuani mwa mtu, wakashuka wakaondoka. Hakuna aliyempigia injinia. Mimi nilikuwa kwenye ngazi zangu. Wafula alikuwa chini ya roshani na watu wengine sita waliokuwa wakichanganya simiti kivulini.

Kwanza vilianguka vipande vidogo vya rangi kwenye mkono wa Wafula. Akatazama juu. Kiungo cha mbele kilikuwa kimeanza kufunguka. Nafasi kati ya pleti na nguzo, pale juu, ingeweza kupitisha kidole, na bolti zilikuwa zinaonekana humo ndani, zimenyooka, zinashikilia. Akatazama cha pili, kimefunguka. Cha tatu, vilevile. Akapiga kelele, "Tokeni, tokeni, tokeni nyote huku chini." Wakatoka wote sita, mmoja na beleshi mkononi. Viungo vya Wafula vilikuwa vimelalamika, na watu walikuwa wamesikia.

Yeye ndiye aliyebaki wa mwisho. Njia ya mbele ilikuwa imezibwa na mawe yaliyokuwa yameanza kuteleza, kwa hiyo akatafuta mahali salama pa kusimama. Nilimwona akigeuza kichwa, pembe hadi pembe. Tatu zilikuwa wazi kama midomo. Moja ilikuwa kimya, imefumba, hata punje ya rangi haijadondoka. Akaikimbilia hiyo.

Alikimbilia kwangu, Mwende.

Sikuwahi kukuambia nilikuwa wapi. Nilikuwa hatua kumi, na nilijua, na mdomo wangu haukufunguka. Sikupata hata muda wa kuamua kunyamaza. Kiungo kile hakikuinama wala hakikupasua rangi. Kilitoa mlio mmoja mkavu. Welding yangu ilibanduka yote mara moja, na mzigo wote ambao ilikuwa imeubeba peke yake, imekataa kugawana na mtu, ukaangukia zile bolti nne kwa mpigo. Zikakatika. Boriti ikashuka juu ya mguu wake.

Nilikimbilia mtungi wa gesi nikaikata boriti, kipande cha urefu wa mkono kutoka kwenye pleti, ili wenzangu waweze kuinua sehemu iliyobaki. Alinishika ovaroli akaniambia, "Mutua, ndugu yangu, usiniache." Sikumwacha. Nilimtoa mimi. Hiyo ndiyo hadithi unayoijua, ile anayokusimulia kila mwaka, jinsi baba yako alivyomwokoa na mikono yake ikaungua. Kila neno la hadithi hiyo ni kweli.

Yule mama injinia alifika mchana. Aliokota bolti zilizokatika, akazitazama kwenye kiganja, akauliza, "Kichwa cha boriti kiko wapi?" Kilikuwa kwenye pikapu yangu chini ya magunia. Nikamwambia tulikikata kumtoa mtu, sijui kimewekwa wapi. Akauliza bolti zilinunuliwa wapi. Mtu akasema River Road, na wote waliokuwa pale wakavuta pumzi kwa pamoja, maana kila mtu amewahi kuuziwa kitu feki River Road. Nadhani hakuridhika. Lakini alichokuwa nacho mkononi kilikuwa bolti, na mtu huamua kwa kile alicho nacho mkononi.

Hospitalini, siku ya tatu, Wafula aliamka vizuri akaniuliza, "Ilikuwa ni bolti, ama?"

Nikamjibu, "Ni bolti."

Maneno mawili. Nimeshawahi kusema uongo mrefu zaidi kwa mteja kuhusu siku ya kumaliza geti lake.

Yeye aliyachukua maneno hayo akayajengea maisha. Mguu ulipopona vibaya hakuna mjengo uliomtaka tena. Alikaa karakana kwangu mwaka mzima, kwenye kiti kile cha mbao, na hapo ndipo wewe ulipomkuta ukitoka shule. Kisha akaenda River Road akachukua kibanda, si kwa sababu kina faida, unajua hakina. Alisema angalau katika barabara ile yote kuwe na mtu mmoja ambaye hatamuuzia mwenzake bolti mbovu. Umemwona mwenyewe, anazungusha kila nati kwa vidole kabla ya kuifunga kwenye gazeti. Wateja wanamwambia, "Mzee, harakisha, tuna kazi." Anawajibu, "Hata mimi nilikuwa na haraka." Hakuwa na haraka. Aliyekuwa na haraka alikuwa mimi. Bolti zote alizonunua zilikuwa nzuri, na zile kumi na mbili zingine zilishikilia pleti zilipopinda na kuokoa watu sita, na yeye amekufa nusu kwa kuamini aliwanunulia hao watu kifo.

Na kila Desemba analeta jogoo. Amemfunga miguu, amemweka kwenye kikapu, anakuja hadi hapa na mkongojo, kwa sababu nilimwokoa. Nimekula majogoo kumi na manane. Mama yako hunishangaa kwa nini nachukua shingo tu.

Ukiniuliza jinsi wivu unavyofanya kazi, nitakuambia ninachokijua. Nilimwonea wivu kazi yake, nikamvunja mguu. Kwa sababu ya mguu akakaa kitini. Kwa sababu amekaa, alikuwa na wakati wa kuzungumza na mtoto wangu, mimi nikiwa nimesimama nachoma vyuma. Ukampenda. Nikaanza kumwonea wivu upya. Hakuna adui aliyenifanyia haya. Nilijitengenezea mwenyewe, kwa vipimo vyangu.

Mwezi uliopita ulinifungulia kompyuta hapa mezani ukanionyesha video ya maabara ya huko unakoenda. Walikuwa wameweka boriti na nguzo kwenye mashine wanazisukuma polepole. Kiungo cha kwanza kilijipinda, pleti ikavimba, rangi ikamwagika kama unga, kikawa kibaya kukitazama lakini kikaendelea kushikilia. Cha pili kilikaa kimya, kizuri kabisa, kisha kikapasuka, na wale watu nyuma ya kioo wakaruka. Ukasema, "Unaona, Baba? Ile nzuri ndiyo ile inaonekana mbaya." Nikakuambia naenda kuangalia kama tanki la maji limejaa. Nilikaa nyuma ya nyumba hadi mama yako alipoita chai.

Na hapo ndipo wivu wangu mkubwa ulipo, kuliko ule wa Wafula, kuliko ule wa barua. Huko unakoenda mtaunda viungo kwa mikono yenu, kisha mtavivunja makusudi, mnaandika, na hakuna mtu aliyesimama chini. Kitu kikipasuka mnasema, vizuri, sasa tunajua. Ningetoa chochote kuwa na chumba kama hicho kwa mchana mmoja tu, niwe na miaka thelathini na tano, nizungushie pleti welding yangu juu ya rangi, niione ikifa bila mtu, nicheke, nioshe mikono. Naona wivu hadi kifua kinauma. Nimeamua nikuambie hivyo hivyo, maana ukiniona nimekunja uso kesho utadhani nimekasirika.

Sina mawaidha. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, na mimi niliyaficha mlangoni nikamkalisha mtoto juu yake. Nitakuomba tu kitu kimoja kwa ajili yangu. Ukizidiwa huko, onyesha. Piga simu ulie. Mama yako atalia pia, mimi nitajifanya mtandao ni mbaya, na tutaendelea. Usinyamaze kwa sababu unadhani kunyamaza kunatupa moyo. Umelelewa na mtu aliyenyamaza, na umeona mwenyewe kilichokuwa ndani kwa tochi ya simu.

Nasikia geti. Unacheka na jirani. Ngoja.

Umeingia, umevua viatu, umekuja nyuma yangu ukanigusa mgongo kwa kidole kama zamani. Sijui kama umekusudia. Umeuliza, "Unaandika nini, Baba?" Nikasema, "Vipimo vya geti." Huo uwe uongo wangu wa mwisho kwako. Umeenda chumbani sasa, nasikia ukimwambia mama yako Anko hakutaka kukuachilia mkono. Nimeusikia ule wivu ukiinua kichwa. Nimeuacha uinue.

Mchana, ulipokuwa ukipanga nguo, ulisikia grainda ukauliza nafanya kazi gani siku kama hii. Nilikuwa nakata kipande cha pembe ya ile pleti, upana wa vidole vitatu, yenye welding na rangi yake nyekundu ndani. Nimekisugua kingo kisikukate, nimekifunga kwenye soksi, kiko kwenye begi lako kubwa upande wa viatu. Ulikitaka, nenda nacho. Walimu wako wakikuuliza ni nani aliyechoma hivi, usiseme fundi mmoja wa Nairobi. Sema baba yangu. Nilikuwa nataka sana kuingia kwenye karatasi zako, Mwende. Niingize hapo.

Barua hii naiweka juu ya pasipoti yako ili uikute asubuhi. Ukiamka hutanikuta. Mlango wa karakana utakuwa umefungwa na upepo, kwa sababu kile kilichokuwa kikiuzuia nimeondoka nacho. Nitakuwa River Road kabla Wafula hajafungua. Nitakiweka juu ya meza yake, katikati ya nati zake, na nitamwambia bolti zake zilikuwa nzuri. Sijui atafanya nini. Ana haki ya kufanya lolote, na sitamzuia hata akiinua mkongojo.

Ndege yako ni usiku. Nitakuja uwanjani kutoka huko. Ukiniona niko peke yangu, usiniulize kitu mbele ya mama yako, nikumbatie tu uende.

Lakini ukiona tumekuja wawili, msalimie yeye kwanza.

Baba yako,
Mutua